Jibu: Nikishabaunsi ngoma, nifute MIDI? La hasha!

Usifute. Salamu nitakupa baadaye, we toa mkono kwenye kitufe kwanza.

Nanukuu ulivyoandika jana usiku, wengine wajue napayuka nini: "Ngoma za wimbo nimemaliza kuzipanga kwa Reaper. Laptop ina RAM ya GB 4, inakwama. Nataka nibaunsi ngoma zote ziwe faili moja la stirio, nifute plagini na MIDI, ndipo niite waimbaji. Kompresa niweke kabla au baada? Haihati nifanyeje isisikike kama mashine? Na hedifoni gani nzuri za bei ya chini?"

Kwa mgeni: Reaper ni programu ya kurekodi na kupanga muziki kwenye kompyuta. Plagini ni programu ndogo ya kuongezea ndani yake, kama ngoma za kompyuta. MIDI si sauti, ni maagizo tu ya pigo lipi lilie lini na kwa nguvu gani. Kubaunsi ni kugeuza yote hayo yawe faili la sauti.

Yakhe, hayo ya "nibaunsi nifute" niliyasema mimi mwaka 2019, chumbani kwangu Mtopanga, Mombasa, feni inanirushia joto usoni, nikajiona fundi wa mafundi. Yalinitoka shilingi 35,000 na jina la utani ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mke wangu husoma.

Ilikuwa hivi. Kikundi cha kina mama waimbaji wa maharusini walitaka wimbo mmoja wa chakacha uwe na ngoma za kisasa pamoja na zile zetu. Nikapanga kiki (ngoma nzito ya mguu), sneya (ile ngoma kali) na haihati (matoazi) za plagini, juu yake msondo, vumi na chapuo, ambazo nilikuwa nimezirekodi mwenyewe pigo moja moja. Mdundo sita kwa nane. (Kama wako ni chakacha pia, badilisha gridi, ile mistari ya kupangia mapigo, iwe 6/8 kabla hujaweka hata noti moja. Reaper inaanza na 4/4, na chakacha kwenye 4/4 ni kama kumvisha bibi harusi buti.) Nilikaa siku nne. Nguvu ya pigo kwenye MIDI yaenda 1 hadi 127. Sneya nikaicheza kati ya 70 na 115, mapigo madogo ya kuchombeza nikayateremsha hadi 30. Kisha nikabonyeza ile amri ya kuyumbisha mapigo kwa bahati nasibu, yasisimame kwenye mstari kama askari wa gwaride. Haihati yako nayo ifanyie hivyo hivyo. Ikawa tamu, wallahi. Nilikuwa nacheza peke yangu chumbani.

Hapo ndipo akaingia "mwalimu". Simtaji, lakini shilingi 3,000 zangu anazo, kwa Jumamosi mbili za kuangalia skrini ya simu yake. Akatwambia: "Ngoma ni kitu kimoja. Zibaunsi kama kitu kimoja. Ukiacha milango wazi hutamaliza wimbo maishani." Maneno matamu kama kashata. Na laptop yangu ilikuwa inakohoa kama mzee wa miaka tisini, nikaona dawa ndiyo hii. Nikatia kompresa (hukandamiza sauti kubwa) juu ya ngoma zote, nikatia limita (huizuia sauti isipite kipimo), nikamwaga riverbu (mwangwi), nikabaunsi. Faili moja. Nikafuta MIDI, nikafuta plagini, nikahifadhi. Laptop ikatulia, nami nikalala usingizi wa pono.

Kina mama wakaja. Wanane, maikrofoni moja, tukirekodi kati ya honi za tuktuk na adhana. Jumapili mbili. Nikamtumia kiongozi wao kwa WhatsApp, akausikiliza kwenye gari la mwanawe, wamekaa foleni ya feri Likoni. Akanipigia.

"Mwanangu, wimbo mzuri, mashaallah. Lakini nani huyo anayegonga kifuniko cha sufuria? Mpunguze."

Sneya hiyo. Kwenye hedifoni zangu ilikuwa asali, kwenye spika za gari ilikuwa jikoni. Nikamjibu, "Dakika tano, mama."

Dakika tano! Nikafungua proje, nikatazama ule mstari mmoja wa mawimbi, nikatafuta sneya iko wapi. Sneya haiko popote, iko kote. Nikashika ikwalaiza, ile ya kupunguza au kuongeza sauti nzito na kali. Mwili wa ile sneya ulikaa karibu na hezi 200. Nikipunguza hapo, msondo unakonda. Ukali wake uko juu huko kwenye elfu tano. Nikipunguza, haihati inakufa na chapuo inasikika kama inapigwa chini ya godoro. Nikasema basi, nitakata kila pigo la sneya kwa mkasi, nilishushe peke yake. Nikakata mapigo zaidi ya mia. Lakini pigo la sneya linapokuwa na vumi ndani yake, vumi nayo inashuka papo hapo. Wimbo ukaanza kupumua kama mtu mwenye pumu. Na ile kompresa niliyoitia juu ya wote ilikuwa imeshafanya yake: kila sneya ilipolia iliwakandamiza wenzake, na alama ya kukandamizwa imebaki kwenye faili. Kompresa iliyobaunsiwa haitoki, ni kama chumvi kwenye mchuzi. Mkia wa riverbu nao uliendelea hata pale nilipoikata sneya yenyewe. Sufuria limeondoka, mwangwi wa sufuria umebaki.

Ndipo nikaona heri nizipange upya. Mdundo naukumbuka, sivyo? Mdundo niliukumbuka. Ile kuyumba ya bahati nasibu siikumbuki, na hakuna binadamu angeikumbuka, na kina mama waliimba wakiifuata. Pale chapuo ya kwanza ilipochelewa kidogo, wao walivuta pumzi. Chapuo mpya haikuchelewa pale, ikachelewa kwingine. Wanane wazima wakasikika kama hawajui wimbo wao wenyewe.

Nikajaribu ujanja wa mwisho: niache ngoma za zamani chini, juu niweke kiki mpya izifunike. Ikaangukia milisekunde 5 nyuma ya ile ya zamani. Milisekunde 5 ni nusu ya mzunguko wa sauti ya hezi 100, kwa hiyo pale penye kifua cha kiki, moja inasukuma na nyingine inavuta. Nikawa na kiki mbili zenye uzito wa nusu kiki. Nikaongeza sauti. Jirani akagonga ukuta. Ukuta wake ulikuwa na kiki nzuri kuliko yangu.

Ramadhani ikaingia, maharusi yakasimama, wimbo haujatoka. Nikarudisha 20,000 ya malipo ya awali, na 15,000 iliyobaki sikuiona. Nilimpigia yule mwalimu nimuulize sasa nifanyeje. Akasema, "Ungeweka akiba." Ungeweka akiba! Siku ya darasa neno akiba lilikuwa wapi? Nimepiga kelele peke yangu hapa nikiandika, samahani.

Sasa sikiza. Kila ngoma na mlango wake, na MIDI haifi. Ukisahau mengine yote, shika hilo.

Milango hufunguliwa hivi. Kwenye Reaper, ukiingiza plagini kwa ile amri ya kuweka ala pepe kwenye traki (mstari wa sauti) mpya, na ikawa ina milango zaidi ya miwili ya kutolea sauti, itakuuliza kama unataka ikujengee njia. Kubali. Utapata traki za 1/2, 3/4, 5/6 na kuendelea. Ukiishia hapo utaona traki kumi na mbili, moja ina kelele na kumi na moja zimelala, kisha uje hapa kuandika "plagini mbovu". Si mbovu. Ndani ya plagini yenyewe kuna mikseri, na kila ngoma lazima uiambie itokee wapi: kiki 1/2, sneya 3/4, haihati 5/6, tomu 7/8, maikrofoni za juu (zilizorekodi ngoma zote kutoka juu) 9/10, za chumbani (zilizorekodi kutoka mbali) 11/12. Usipoiambia, zote hubanana kwenye mlango wa kwanza kama abiria wa feri.

Halafu jipime. Nyamazisha traki ya sneya, ya maikrofoni za juu na ya chumbani. Ukisikia sneya bado inalia mahali, kuna njia ya pili imefunguka bila wewe kujua, na unaisikia mara mbili. Itafute sasa hivi. Na usizichukie hizo za juu na za chumbani ukadhani ni uchafu: sneya ya maikrofoni ya karibu ikiwa peke yake ni kavu kama mkate wa juzi, mwili wake uko huko.

Laptop kukwama? Gandisha, usifute. Chagua traki ya plagini, tafuta ile amri ya kugandisha traki kwa chaneli nyingi. Reaper inageuza sauti kuwa faili, inaiondoa plagini kwenye RAM, lakini ndani inahifadhi MIDI na mipangilio yako yote, na njia zako zinabaki zilivyo. Mama akisema sufuria, unagandua, unashusha sneya, unagandisha tena. Hiyo ndiyo dakika tano ya kweli. Wakati wa kurekodi waimbaji weka bafa (kipande cha sauti ambacho mashine huandaa kwa mara moja) ya sampuli 128, ukimiksi ipandishe hadi 1024, mashine itakushukuru.

Na usiniambie nafasi. Faili la stirio la biti 24 kwa 44.1 kHz hula karibu megabaiti 16 kwa dakika. MIDI ya wimbo mzima ni kilobaiti chache, ndogo kuliko picha ya mahamri unayoweka status. Wataka kufuta kilobaiti! Futa zile video za mwalimu.

Kompresa: iweke kwenye traki mama inayokusanya ngoma, na iache hai, isiingie kwenye faili. Kabla au baada ya nini sijui, maana ukigandisha swali lenyewe linakwisha.

Hedifoni nilizonazo mimi ndizo zilizonificha sufuria, kwa hiyo hapo usiniulize.

Kama umeshafuta kabla ya kusoma hapa, usifunge proje na usihifadhi tena. Bonyeza Ctrl na Z mpaka irudi. Ikigoma, nenda kwenye folda ya proje, angalia kama kuna faili lenye jina lile lile linaloishia na rpp-bak. Hilo ni toleo lililotangulia ulipohifadhi mara ya mwisho, na ukihifadhi tena huenda likafutwa na jipya. Linakili pembeni kwanza, kisha ulifungue hilo la nakala. Mimi nilikuja kujua kuna kitu hicho mwaka mmoja baadaye, laptop nishaiuza Mwembe Tayari.