Teknolojia ya filamu inapojipinga: maswali yenu kuhusu nadharia za mashabiki

Katika tamthilia ya zamani ya Star Trek chombo cha angani kilifika wapu 14.1 (wapu ni kipimo cha kasi inayozidi ya mwanga), lakini tamthilia za baadaye zinasema wapu 10 haifikiki. Nadharia yangu ianzie wapi?

Ianzie kwenye hesabu, kabla hujabuni chochote. Kwa kanuni ya tamthilia ya kwanza (1966–1969), wapu 6 ni 6×6×6, yaani mara 216 ya kasi ya mwanga. Kuanzia tamthilia ya The Next Generation (1987) kipimo kilichorwa upya, 10 ikawa kasi isiyo na ukomo. Sasa linganisha: wapu 5 mpya ni kama mara 214. Karibu sawa kabisa na 6 ya zamani! Basi nadharia ni nyepesi: kilichobadilika ni kipimo. Ile 14.1 ni takriban mara 2,800, na kwa kipimo kipya haifiki hata 9.9. Tena inaeleza wapu 13 iliyotajwa katika kipindi cha mwisho cha The Next Generation (1994), kwenye matukio ya siku zijazo: kipimo kimechorwa tena. Nadharia ikijibu swali ambalo hukuitungia, ishike.

Ila ina mahali inapokwama. Katika kipindi kile kile cha 14.1, "That Which Survives" (1969), tunaambiwa chombo kitakata miaka-nuru 990.7 kwa saa 11 na dakika chache, kikiwa wapu 8.4. Kanuni inatoa mara 593. Safari hiyo inadai zaidi ya mara 760,000. Usiivute nadharia nzuri mpaka ichanike kwa ajili ya sentensi moja ya mazungumzo. Tukio hilo litafutie maelezo yake peke yake.

Han Solo, rubani wa Star Wars, anajisifu kumaliza njia ya Kessel kwa chini ya parseki 12. Parseki si muda, ni umbali. Inatetewaje?

Mashabiki waliitetea zamani: njia inapita karibu na mashimo meusi, kwa hiyo rubani jasiri hukatiza na kufupisha umbali. Parseki 12 ni kama miaka-nuru 39. Filamu ya Solo (2018) nayo ikaonyesha njia ya mkato ya hatari.

Kwa nini chombo cha mwaka 2151 katika Enterprise, tamthilia nyingine ya Star Trek, kina skrini bapa, na cha Kirk, nahodha wa tamthilia ya kwanza, karne moja baadaye, kina vitufe na swichi?

Tafuta sababu inayofanya swichi ziwe bora kazini. Mwaka 2019 jeshi la wanamaji la Marekani lilitangaza kurudisha mitambo ya kushika kwa mkono kwenye manowari, baada ya uchunguzi wa ajali kulaumu skrini za kugusa zenye utata. Swichi unaihisi hata gizani, chombo kikitikisika. Hapo huhitaji kubuni vita wala virusi vilivyoziharibu skrini.

Kama chombo kinaweza kuigonga manowari kwa kasi ya haipaspesi (ya kuruka kutoka nyota hadi nyota), kama Star Wars ya 2017, mbona waasi hawakuifanyia hivyo Death Star, kituo kikubwa cha silaha cha maadui wao?

Filamu ya 2019 ilijibu kwamba ni bahati ya moja katika milioni. Jibu hilo ni dhaifu, kwa sababu bahati haikuambii lini ujaribu tena. Pima ukubwa badala yake. Chombo kilichogonga kilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 3. Katika filamu ya 1977 waasi walituma ndege ndogo 30 tu. Mwaka 1983 walikuwa na vyombo vikubwa, ila Death Star ya pili ililindwa na ngao iliyorushwa kutoka Endor, mwezi uliokuwa karibu nayo.