Umepuliza dawa, mbona ukungu uko palepale?

Swali hilo halikosi kila msimu kwetu wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Kabla ya kulaumu dawa, shika jani ulitazame. Unga mweupe unaofutika kwa kidole ni ubwiriunga, na huo hausubiri mvua. Madoa ya njano juu, kama yaliyodondokewa mafuta, na chini yake manyoya meupe, ni ubwirivinyoya, ambao hupenda majani yaliyolowa.

Dawa za triazoli ni za ule wa kwanza. Kuvu hujenga utando wa seli zake kwa ergosteroli, aina ya mafuta; triazoli hukizuia kimeng'enya kinachoitengeneza, utando unaharibika na nyuzi za kuvu zinaacha kukua. Kimelea cha ubwirivinyoya hakitengenezi ergosteroli, kwa hiyo utammwagia pipa zima na hatashtuka.

Tena triazoli haiui vizuri mbegu ya kuvu inayoanza kuchipua, kwa kuwa hiyo huja na akiba yake. Inachozuia ni kusambaa. Puliza basi unapoona dalili za mwanzo, usingoje shamba zima liwe jeupe. Dawa huingia ndani ya jani na kusafiri na maji kuelekea nchani, lakini haishuki chini. Vichala vilivyofichwa na majani havitapata kitu, labda upunguze majani na kuelekeza bomba hukohuko ndani.

Sasa duka la pembejeo. Utapewa chupa tatu za rangi na bei tofauti, lakini soma maandishi madogo: tebukonazoli, difenokonazoli, heksakonazoli. Zote ukoo mmoja! Kuzipokezanisha hizo ni kubadilisha kondakta ndani ya basi lilelile. Lebo nyingi huandika namba ya kundi, yaani dawa inavyomshambulia kuvu, na triazoli ni kundi la 3. Dawa ya kupokezana nayo iwe ya kundi lingine. Usugu wa kuvu dhidi ya triazoli huja polepole, dawa inalegea mwaka hadi mwaka, na mtu anaanza kuongeza vifuniko kwenye bomba kwa kukisia. Mimi hupokezana na salfa, ila asubuhi tu. Jua la Dodoma la saa saba likiikuta kwenye jani, jani linaungua.

Halafu hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ziko kwenye lebo. Zabibu zinazouzwa barabarani watu huzila papo hapo, hata hawaoshi.