Mwanangu, kuhusu lile kanisa la Winchester

Mwanangu,

Nimeona meseji yako, unauliza baba wewe ni fundi, hivi wale waliojenga kanisa kuu la Winchester, Uingereza, kwenye tope walikuwa wajinga au vipi. Mimi tangu ulipotupeleka pale nayemfikiria sana ni yule mzamiaji.

Nyumba ni msingi, mengine mapambo, mmelisikia hilo mpaka mmechoka. Wanormani, wale waliotoka Ufaransa wakaitawala Uingereza, walianza 1079, ila upande wa mashariki uliongezwa miaka ya 1200 na wakaulaza juu ya magogo, magogo yenyewe yako kwenye udongo laini uliojaa maji. Kufika 1905 nyufa zimetapakaa, kila wakichimba chini ya ukuta shimo linajaa maji, na ukipiga pampu maji yanaondoka na udongo, ukuta unazidi kutitia. Ndo akaitwa yule mzamiaji, William Walker, 1906 mpaka 1911 anashuka kama mita 6, giza totoro, anapapasa tu kwa mikono, anapanga mifuko ya zege, zaidi ya 25,000, mpaka chini kumezibwa, hapo sasa maji yanavutwa na waashi wanashuka. Lile vazi zito la kuzamia kulivua ni kazi, kwa hiyo muda wa kula anatoa kofia yake tu, anavuta kiko chake, anarudi chini.

Sasa sikia. 1964 wakamwekea sanamu, na sura wakaweka ya injinia wa kazi ile, Francis Fox! Mpaka 2001 ndo wakabadilisha. Mama yako alicheka pale, mimi sikucheka. Ile shule ya njia ya Pangani, msingi wote tulimwaga mimi na marehemu baba yako mdogo, masika, maji ya magoti, siku ya ufunguzi jiwe la msingi lina jina la mgeni rasmi na la mkandarasi ambaye viatu vyake havijawahi kushika tope, sisi tuko nyuma ya turubai hata soda hatukupewa. Mama yako anasema yameshapita, niache. Haya, injinia naye ana kazi yake, bila Fox Walker angejuaje azamie wapi, hilo nakubali. Lakini sura ya mtu jamani! Na mfalme George wa Tano alikuja mwenyewe 1912 kwenye ibada ya shukrani, kwa hiyo sio kwamba Walker alikuwa hajulikani.

Swali lako sasa. Wajinga siwaiti, jengo limesimama miaka zaidi ya 900, nani kati yetu atajenga la hivyo. Ila magogo juu ya maji halafu unapandisha mawe yote yale... hapana, sisemi, niulize nikiwa nimeshakula. Nyumba ni msingi.

Ukipita tena nipigie picha za kuta za mashariki kule chini, madirisha nimeshayaona.

Baba yako