Maswali ya Wasomaji: Mbona eskaveta hazitoki Aprili?

Swali: Nina yadi ndogo ya mitambo iliyotumika. Machi hadi Mei simu hailii. Julai wanafurika kuuliza bei, ila wanunuzi siwaoni mpaka Septemba. Nishushe bei? Na niagize eskaveta (mtambo wa kuchimba unaotembea kwa cheni) au beko (wa matairi, wa kuchimba na kupakia)? – *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Bei iache. Mteja wa Aprili hana pa kuipeleka mashine: masika yamekaza, udongo umelowa, tuta halishindiliki likafikia kipimo, na lobedi, trela la kubebea mitambo, haifiki vijijini. Tena mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa Juni 30. Mkandarasi wa barabara siku hizo anafukuzia hati zake za malipo, hawazi kuongeza mtambo.

Julai 1 bajeti mpya inaanza. Wengi wanaokuulizia bei mwezi huo wanapiga hesabu za zabuni watakazoingiza kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi mtandaoni; kazi bado hawana. Mpe kila mmoja proforma (ankara ya awali ya bei) yenye tarehe ya mwisho, andika anaomba kazi ipi na wapi, kisha mpigie akishasaini mkataba. Malipo ya awali yakiingia, ndiyo hiyo Septemba yako.

Basi hesabu kinyumenyume. Kununua Japani, kusubiri meli, safari, kutoa mzigo bandarini: weka miezi mitatu. Unayetaka mashine yadini Agosti, agiza Mei, wakati ule ule unaodhani soko limekufa.

Beko ya tani 8 ina matairi, inajiendesha saiti hadi saiti; ni ya mitaro, mabomba na kalavati. Eskaveta ya tani 20 inadai lobedi kila ikihama, lakini wachimbaji wa Geita, Kahama na Chunya wanaitafuta hata kazi za barabara zikilala. Dhahabu haijui mwaka wa fedha. Kwa mtaji mdogo, agiza beko mbili kwa kila eskaveta moja.

Swali: Mteja anadai mita ya saa za kazi ya eskaveta yangu, inayosoma saa 6,000, imerudishwa nyuma. Nimjibuje? – *Msomaji, Mwanza*

Jibu: Usibishane juu ya mita, mpimie cheni mbele yake. Safisha tope, kaza cheni, chukua futi ya chuma upime katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya tano. Eskaveta nyingi za tani 20 zina hatua (umbali wa pini hadi pini) ya milimita 190, kwa hiyo cheni mpya hutoa 760. Ukisoma karibu 776, imekwisha, na gharama ya kuibadilisha itoke kwenye bei.

Cheni iliyolika peke yake haithibitishi uongo: saa 3,000 kwenye mawe huila kuliko 6,000 kwenye mfinyanzi. Ila pedali zikiwa zimelika hadi chuma, bushi za mkono zinacheza, na injini ikishapata moto inapuliza moshi kwa nguvu ukifungua kifuniko cha oili, mteja wako ana haki ya kutilia shaka.