Kuwapangia wanafunzi gereji za mazoezi

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba wanafunzi wenu hapo Tanga huficha gereji wanayoitaka kweli, wakihofia kukosa zote. Kwanza kagua kama nafasi za chaguo la kwanza hufungwa papo hapo, kwani hofu huzaliwa hapo: anayekosa chaguo la kwanza huenda akakuta la pili limeshajaa. Jiji la Boston, Marekani, waliuacha utaratibu wa namna hiyo katika shule zao mwaka 2005. Nilipowapangia vijana gereji za Ngamiani nilifuata njia ya wanahisabati Gale na Shapley ya mwaka 1962: kila kijana huomba anapopapenda zaidi, gereji huwashikilia kwa muda inaowapendelea, na aliyekataliwa huomba panapofuata, hata akimwondoa aliyeshikiliwa, mpaka maombi yaishe. Kwa njia hii kijana hapati hasara kwa kusema ukweli, nanyi mwambieni hivyo waziwazi. Orodha zote za machaguo zikusanyeni siku moja. Kwetu fundi mmoja alipatana na kijana pembeni mapema, ikabidi tuanze upya.