Maswali ya Wasomaji: Kiporo kimetutapisha, na bakteria anaamuaje kuwa spora?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mama yangu anauza chakula hapa Mwanga, Kigoma. Juzi wali ulibaki ukalala kwenye sufuria, asubuhi tukaupasha mpaka ukatoa moshi kabisa, tukala na migebuka, haikupita muda wote tunatapika. Nipo form six, ticha alituambia kuna bakteria wanatengeneza spora na moto wa jikoni hauziui, eti wanaamua kwa kutumia fosfati. Sasa bakteria hana ubongo, anaamuaje? Na mbona kupasha hakukusaidia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. La sufuria ni fupi. Bila maabara siwezi kuapa, ila mshukiwa wa kwanza wa kiporo cha wali ni Bacillus cereus. Spora zake, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, zinakuja na mchele, wali unaiva zenyewe bado ziko hai, sufuria ikilala na uvuguvugu zinaota, wanazaliana, wanamwaga sumu inayoitwa cereulide, na hiyo sumu hata uipashe vipi haiharibiki. Wali ukibaki utandazeni kwenye sinia upoe haraka, uende friji. Kama friji hamna basi usilale.

Sasa la fosfati, ambalo ndo tamu. Mengi tunayoyajua yametoka kwa ndugu yake wa udongoni, Bacillus subtilis. Kutengeneza spora kunamchukua masaa saba nane hivi na akishafika mbali harudi nyuma, kwa hiyo hakurupuki. Chakula kikiisha, protini inayoitwa KinA inachukua fosfati (kipande kidogo cha fosforasi na oksijeni) kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inajibandika yenyewe, inampa protini nyingine, Spo0F, Spo0F anampa Spo0B, Spo0B ndo anamfikishia Spo0A, na Spo0A akishapata fosfati anashika DNA, anawasha jeni hizi anazima zile, anazozigusa yeye mwenyewe tu zinapita mia. Mnyororo huu James Hoch na wenzake waliuonyesha mwaka 1991 huko California.

Utauliza kwanini KinA asimpe Spo0A mkononi yaishe. Ni kama barua inayotakiwa mhuri wa mjumbe, wa mtendaji wa mtaa, halafu wa kata: kila mlango ni nafasi ya mtu kukukatalia. Protini kama RapA zinambandua Spo0F fosfati yake, na Spo0E anambandua Spo0A mwenyewe. Halafu hao kina Rap nao wana wa kuwaziba, vipande vidogo vya protini vinaitwa Phr, ambavyo bakteria anavitoa nje halafu vinaingia tena ndani. Kwahiyo ukiniuliza nani anaamua nitakwambia hakuna bosi, ni wabandikaji na wabanduaji wanavutana, na kiasi cha fosfati kinachomfikia Spo0A ndo jibu lenyewe. Kikiwa kidogo bakteria wanajikusanya pamoja kuwa utando, tena wengine wanaua ndugu zao wale mabaki ili kuchelewesha kuwa spora (ndiyo, wanakulana). Kikiwa kingi, safari imeanza.

Kwenye mtihani lakini usije ukaandika fosfati inawasha kila kitu! Seli ikishajigawa vipande viwili visivyolingana, protini SpoIIAA ikiwa na fosfati haina kazi. SpoIIAB ndo anayembandika, na huku amemkamata sigma F, protini ya kuwasha jeni, asifanye kazi. Anakuja SpoIIE anaibandua, SpoIIAA anapata nguvu, sigma F anaachiwa, jeni za kile kipande kidogo, ambacho ndo kitakuwa spora, zinawaka. Hapa kubandua ndo kuwasha, na wengi wanateleza hapohapo.

Spora ikishakamilika inakuwa na maji kidogo sana ndani, asidi ya dipikoliniki iliyoshikana na kalsiamu, na ganda tabaka kwa tabaka. Ndo maana maabara wanatumia mvuke wenye presha, nyuzi 121 kwa dakika 15, wakati maji ya sufuria yanaishia kama 100.

SWALI: Niko Tabora, mtoto wangu ana miezi mitano na bibi yake anataka kumlambisha asali, anasema ya kwetu ni safi haijachanganywa na sukari. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, mpaka atimize mwaka. Usafi wa asali hauhusiki, hata ile bora kabisa inaweza kubeba spora za Clostridium botulinum, na kwenye utumbo wa mtoto mchanga zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Huyu naye anatumia Spo0A, ila mlolongo wa Spo0F na Spo0B hana, kinasi zake (protini za kubandika fosfati, kama KinA) zinamkabidhi Spo0A fosfati moja kwa moja. Kama ameshalambishwa, ukaona choo kigumu, kilio kimekuwa hafifu, kunyonya kwa shida, shingo imelegea, usisubiri kesho, mpeleke hospitali na useme kabisa kwamba alipewa asali. Bibi yeye ale tu.