Binti analia baada ya mbio, mwalimu haambiliki

Dada, pole. Umesema binti yako wa kidato cha kwanza anakimbia mita 800, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) inakaribia, na kila mkirudi na daladala mnajadili makosa yake mpaka analia. Na ugoko unamuuma, ila mwalimu wa michezo unamwogopa kumwambia.

La daladala ni jepesi: nyamaza. Mpe maji, mpe ndizi, angalia dirishani. Mita 800 ni mizunguko miwili tu. Aliyeanza kwa pupa miguu humwambia mwenyewe kwenye mita 200 za mwisho, hahitaji mama wa kurudia. Akitaka kuongea ataanza yeye, pengine usiku mkiosha vyombo. (Mimi nilichelewa kulijua hili. Mwanangu aliacha mpira kabisa.)

Kwa mwalimu sasa. Usimvamie uwanjani mbele ya wanafunzi, atajitetea tu. Omba dakika kumi ofisini kwake. Usianze na "samahani kwa usumbufu" wala lawama. Anza na unachokijua: "Mwalimu, amekimbia siku sita mfululizo na ugoko wa kushoto unamuuma tangu Jumatano. Naomba apumzike mpaka daktari amwone." Kisha kaa kimya. Hapo ndipo wengi tunaharibu, tunajaza ule ukimya kwa kujieleza mpaka ombi linapotea.

Na hospitali umpeleke kweli. Maumivu ya mfupa yanayorudi sehemu ileile kila akikimbia yanaweza kuwa ufa, na mfupa wenye ufa haukandwi ukaendelea na mazoezi.